Katani ndani ya plastiki: kazi inaanzia kwenye waya wa kuanikia

Mwaka 1963 Tuzo ya Nobeli ya kemia ilikwenda kwa Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia. Miaka tisa kabla ya hapo, Natta na wenzake mjini Milano walikuwa wamefanikiwa kupanga molekuli za polipropilini kwa utaratibu mmoja, na kwa kupangika huko ikapatikana plastiki ngumu, nyepesi na ya bei nafuu. Mwaka mmoja baada ya tuzo hiyo, 1964, mashamba ya mkonge ya Tanzania yalitoa takriban tani 230,000 za singa, kiasi ambacho hakijafikiwa tena hadi leo. Walioshangilia mavuno hayo hawakuwa na sababu ya kufuatilia habari za maabara ya Milano, lakini ndiko lilikotoka pigo. Polipropilini ilisokotwa ikawa kamba, kamba ikaingia kwenye mashine za kufungia nyasi kavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani, na katani ikaanza kusukumwa nje ya soko lililokuwa lake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000 kwa mwaka. Kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 na uendeshaji uliofuata vina sehemu yao katika anguko hilo, na watu wa Tanga wanaijua historia hiyo bila kusimuliwa. Hata hivyo, shamba lililoendeshwa vizuri kupita yote lingekutana na mpinzani huyo huyo.

Jambo linalostahili kuzungumzwa leo ni kwamba mpinzani huyo amegeuka kuwa mshirika anayefaa kuliko wengine. Katani ikikatwa vipande vifupi na kuchanganywa na polipropilini iliyoyeyushwa, hutoa plastiki ngumu zaidi kuliko ile ya kwanza, tena nyepesi kuliko ile inayotiwa nyuzi za kioo. Kinachowapatanisha ni joto. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi za Selsiasi, na katani huanza kuungua na kupoteza nguvu ikipita 200. Katikati ya namba hizo mbili pana nafasi ndogo ambamo kazi yote hufanyika. Aina moja ya nailoni inayotumika sana viwandani huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi. Katani ikitiwa humo hutoka imekuwa mkaa. Kwa hiyo orodha ya plastiki zinazoweza kuyeyushwa pamoja na mkonge si ndefu, na juu yake imeandikwa ile ile iliyouondoa sokoni.

Habari hii kwa kawaida huandikwa kama habari ya maabara: wanasayansi wamegundua, kiwanda kimejaribu, magari ya kesho yatatengenezwa kwa majani. Nadhani uandishi wa namna hiyo umetupotosha. Ukiyachunguza matatizo yanayoizuia katani isifanye kazi vizuri ndani ya plastiki, utaona kwamba sehemu yake kubwa hutatuliwa au huzidishwa kabla singa haijafika kiwandani. Hayo hutokea shambani, kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua majani ya mkonge, na kwenye waya wa kuanikia. Plastiki ya katani ni suala la kilimo kwanza, na kemia inafuata nyuma. Kama hivyo ndivyo, basi anayekata mkonge na anayeuanika wana haki ya kuuliza wanalipwa nini kwa ubora ambao mikono yao ndiyo inaufanya.

Wazo lenyewe la kutia nyuzi ndani ya kitu kinachoshika si geni kwetu. Nyumba ya fito na udongo imejengwa juu yake. Udongo mkavu unastahimili kugandamizwa, lakini ukivutwa au kupindwa hupasuka. Fito hazipasuki kirahisi, lakini peke yake haziwezi kuwa ukuta. Vikiwekwa pamoja, kila kimoja kinaubeba udhaifu wa mwenzake. Boti za faiba zinazosafirisha watu na samaki katika mwambao wetu ni wazo hilo hilo: nyuzi nyembamba za kioo zimelazwa ndani ya gundi iliyokauka. Unyuzi wa katani nao, ukiutazama kwa hadubini, hauko peke yake. Ni kifungu cha seli ndefu nyembamba zilizogandishwa pamoja kwa lignini, na ndani ya kuta za seli hizo mna selulosi iliyojikunja mfano wa springi. Jani moja la mkonge lina vifungu kama hivyo 1,000 hivi, na mmea mmoja hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake. Yaani hata kabla ya kugusana na plastiki, katani yenyewe tayari ni nyuzi zilizoshikwa na gundi, na mmea ndio uliofanya kazi hiyo.

Pingamizi la kwanza ambalo mhandisi yeyote atalitoa ni kwamba kioo kina nguvu zaidi. Ana haki. Unyuzi wa kioo ukivutwa hustahimili mara tatu au nne ya unaostahimili unyuzi wa katani, na ugumu wake dhidi ya kunyumbuka ni mkubwa kwa kiasi kama hicho. Uzito unalipunguza pengo hilo bila kuliziba: sentimita moja ya ujazo ya kioo ina gramu 2.5 na zaidi kidogo, ya katani ina gramu 1.45 hivi. Sitaki kuficha hesabu hiyo, maana wanaoificha ndio wanaoua imani ya wanunuzi. Lakini tuangalie kazi yenyewe ni ipi. Vitu vingi vya plastiki vinavyotuzunguka ni vipande bapa: paneli ya mlango wa gari, kiti cha dawati, ubao wa dari, upande wa kreti. Kipande bapa huharibika kwa kupindwa, na katika kupindwa unene una neno kubwa kuliko nguvu ya nyuzi. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupindwa huongezeka mara nane. Sasa, nyuzi nyepesi zinakuruhusu kufanya ubao mnene zaidi bila kuongeza uzito. Kwa njia hiyo katani, ambayo ingeshindwa vibaya kama ingetakiwa kuvuta meli, inakaribiana na kioo inapotakiwa kuwa mlango. Kwa paa la helikopta nitachukua kioo au kaboni. Kwa dari ya zahanati sioni kwa nini tuagize kioo kilichoyeyushwa kwenye tanuru la nyuzi joto 1,400 wakati singa imekaushwa na jua la Korogwe.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Katani inapenda maji, polipropilini inayakataa. Ukivunja kipande cha plastiki ya katani iliyotengenezwa ovyo na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, utaiona hadithi yote mahali palipovunjika: nyuzi zimechomoza nje ndefu, safi, hazina hata chembe ya plastiki juu yake, na upande wa pili kuna matundu ya mviringo zilimochomoka kama misumari iliyong'olewa kwenye mbao laini. Nguvu ya katani ilikuwapo tangu mwanzo. Iliyokosekana ni mshiko, na bila mshiko unyuzi ndani ya plastiki ni tundu lililojazwa tu. Ukivunja kipande kilichotengenezwa vizuri, nyuzi zimekatika karibu sawa na uso wa mvunjiko, kila moja imevaa gamba la plastiki. Kati ya vipande hivyo viwili kuna dawa mbili zinazojulikana. Moja ni kuiosha katani kwa maji ya kostiki soda, ili nta na uchafu viondoke na uso wa unyuzi ukwaruzike. Nyingine ni kutia kiasi kidogo cha polipropilini iliyounganishwa na anhidridi ya maleiki, ambayo upande mmoja inashikana na selulosi na upande mwingine inajisuka na plastiki. Hizi ni kazi za kiwandani, nakubali. Ila kostiki haiwezi kurekebisha katani iliyotoka kwenye korona ikiwa na maganda ya kijani, wala ile iliyooza kidogo kwa kulazwa kwenye mvua. Ikizidishwa ili kufidia uchafu, huanza kula unyuzi wenyewe.

Tuje kwenye maji sasa, ambako hoja yangu inasimama au kuanguka. Jani la mkonge lina maji karibu asilimia 87. Likishakatwa linapaswa kufika kwenye korona mapema, maana likikaa nyama yake hukauka na kugandamana na nyuzi. Korona inaliponda na kulikwangua kwa visu butu huku maji mengi yakimwagwa, kisha katani iliyolowa inabebwa na kuanikwa kwenye waya. Hatua hii, ambayo kwa macho ya mpita njia ni kutundika tu nguo nyeupe ndefu juani, ndiyo inayoamua kila kitu kitakachofuata. Katani iliyotundikwa nene hukauka nje ikabaki na unyevu ndani. Iliyoachwa usiku hulala kwenye umande. Hata iliyokauka vizuri hurudisha unyevu kutoka hewani, na katika hewa ya kawaida ya pwani hubeba maji ya zaidi ya asilimia kumi ya uzito wake. Kwa msokota kamba hilo si tatizo, pengine hata humsaidia. Kwa mtengeneza plastiki ni balaa. Maji hayo yakikutana na plastiki ya nyuzi joto 180 hugeuka mvuke papo hapo, mvuke unatafuta njia, na ubao unatoka na mapovu ndani yake. Kiwanda kinalazimika kuikausha katani upya hadi unyevu ushuke kwenye asilimia moja au mbili, kwa umeme kinaoulipia. Kila asilimia ya maji isiyoondolewa shambani inalipiwa mara mbili: kwanza kama uzito, kisha kama umeme wa kuuondoa uzito huo.

Ndiyo maana madaraja ya mkonge tuliyorithi yanahitaji kutazamwa upya. Tangu zama za kamba, singa hupangwa kwa urefu na rangi. Ndefu na nyeupe hupata bei, fupi au yenye madoa hushuka daraja, na ile iliyokatika ovyo huishia kwenye fungu la mwisho kabisa. Kwa kamba mpangilio huo una mantiki, kwa sababu urefu hurahisisha kusokota na weupe hupendeza machoni. Ndani ya plastiki mambo yanageuka. Nyuzi za kuingizwa kwenye mashine za kusukuma plastiki iliyoyeyuka kwenye kalibu hukatwa milimita chache tu, halafu skrubu ya mashine huzipunguza zaidi. Kinachotakiwa ni kila unyuzi uwe na urefu wa kutosha kwa plastiki kuushika mpaka ukatike badala ya kuchomoka. Hapo mita nzima ya singa nyeupe inakuwa ni anasa iliyokatwakatwa. Weupe nao hauna kazi kwenye paneli itakayofunikwa kitambaa au kutiwa rangi nyeusi. Sifa zinazotakiwa ni unyevu mdogo, usafi, na usawa kutoka robota moja hadi jingine, na hakuna hata moja ambayo jicho pekee linaweza kuipima ipasavyo. Wakati huo huo, katika shughuli ya korona daima kuna nyuzi fupi zinazoponyoka na kwenda na maji pamoja na maganda. Zikikusanywa, zikaoshwa na kukaushwa, nyuzi hizo zinatosha kabisa kwa kazi hii. Mkulima ambaye leo analipwa kwa ajili ya nyuzi ndefu peke yake anaangalia sehemu ya mali yake ikipita kwenye mfereji.

Watasema wengine kwamba haya yote yamewahi kusemwa na hayakuzaa kitu. Historia inatoa majibu zaidi ya moja. Trabant, gari dogo la Ujerumani Mashariki lililotengenezwa tangu 1957 hadi 1991, lilikuwa na mabati ya nje yasiyo mabati: mabaki ya pamba yaliyogandishwa kwa gundi ya fenoli. Magari kama milioni tatu yalitoka hivyo, na maganda yake hayakujua kutu. Katikati ya miaka ya 2000 Mercedes-Benz iliweka nyuzi za abaka, mmea wa Ufilipino ulio wa ukoo mmoja na mgomba, kwenye kifuniko cha chini ya gari la A-Class, mahali panapopigwa na maji na mawe ya barabarani. Katani yenyewe imeingia kwenye paneli za ndani za milango ya magari kwa miaka mingi. Upande wa kushindwa nao upo. Miaka ya 1970 na 1980 walijitokeza watafiti waliojaribu kutia katani kwenye mabati ya saruji ya kuezekea, na mengi yalianza vizuri kisha yakawa dhaifu, kwa sababu ukali wa alkali iliyo ndani ya saruji huila ile lignini inayozishika seli pamoja. Kushindwa huko kunafundisha zaidi kuliko mafanikio ya magari. Katani haikuwa mbovu, iliozeshwa na mwenzi asiyemfaa. Polipropilini haina ukali huo, ingawa kingo zilizokatwa na kuacha nyuzi wazi bado zitanyonya maji, na mtengenezaji asiyeziba kingo hizo atalaumiwa na mteja wake ndani ya masika moja.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote ni la watu wa mazingira: hii bado ni plastiki. Tena, wanasema, plastiki safi inaweza kuyeyushwa na kutumika upya, lakini ukishaichanganya na majani umeiharibia njia ya kurudi. Hoja hii ina ukweli ambao wauzaji wa bidhaa za kijani hawapendi kuutaja. Kila mara plastiki ya katani inapoyeyushwa, nyuzi hufupika na joto huzidhoofisha, kwa hiyo mizunguko yake si mingi. Maganda ya Trabant yaliwatesa Wajerumani baada ya 1990, maana hayayeyuki wala hayaozi. Jibu langu ni kuchagua mahali pa kuitumia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania ikafuata mwaka 2019, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Sioni sababu yoyote ya kuirudisha plastiki ya kutumiwa mara moja kwa kuivisha koti la katani. Kikombe cha kutupwa chenye nyuzi za mkonge ni upotevu wa mkonge. Dawati litakalokaliwa na watoto kwa miaka kumi na tano ni jambo jingine. Pale, kila kilo ya katani iliyoingia ni kilo ya plastiki ambayo haikuhitajika, na plastiki iliyobaki inaweza kuwa ile iliyookotwa, ikaoshwa na kusagwa. Mwisho wa maisha yake, ubao wa katani ukichomwa kwenye tanuru linalofaa hutoa joto na kuacha majivu kidogo, wakati wa nyuzi za kioo huacha kioo.

Wala mkonge wenyewe hauingii katika mjadala huu ukiwa na mikono misafi. Katika kila jani, katani inayopatikana ni asilimia nne au chini yake. Yote yaliyobaki ni maji, maganda na nyama chachu. Kwa miongo mingi takataka hizo zimemiminwa mitoni, na mto unaopokea maji ya korona hukosa hewa ya kuwatosha samaki. Mtu hawezi kuita bidhaa rafiki wa mazingira kwa sababu ya asilimia nne akafumbia macho asilimia tisini na sita. Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa biogesi na umeme, ukaonyesha kwamba njia ipo. Hesabu ya plastiki ya katani inapaswa kuanzia hapo. Umeme wa kukaushia singa hadi asilimia moja ya unyevu unaweza kutoka kwenye nyama ya jani lile lile, na kiwanda kikikaa kando ya korona badala ya kukaa ng'ambo ya bahari, robota halihitaji kunyonya unyevu wa meli kwa majuma kadhaa na kukaushwa tena mwisho wa safari.

Mchumi atauliza kama soko lipo la kutosha. Gari moja linachukua kilo chache tu za nyuzi za mimea, na viwanda vya magari havipo Tanga. Swali lake ni la haki, lakini linachukulia kwamba gari ndilo mlango pekee. Nchi hii kila mwaka inahitaji madawati, vibao vya dari, milango ya ndani, makreti ya nyanya na embe ambayo leo husafirishwa kwenye matenga yanayoponda sehemu ya shehena. Vitu hivyo havidai nguvu ya kioo. Havihitaji pia cheti cha kiwanda cha magari cha Ujerumani, ambacho hutolewa baada ya miaka ya majaribio na hudai kwamba robota la Machi lilingane na la Novemba. Kuanzia navyo kutatupa nafasi ya kujifunza usawa huo mahali ambapo kosa linagharimu kreti moja. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliletewa miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Zao zima la Tanganyika lilitokana na hiyo. Halikuanza na soko la tani 230,000.

Hatua ya kwanza wala haihitaji kiwanda kipya. Ni kipimo cha unyevu, kifaa cha kushikwa mkononi kama kile kinachotumiwa na wanunuzi wa mahindi na kahawa, kiwekwe penye waya wa kuanikia katika kila korona inayohudumia wakulima wa vyama vya ushirika. Namba yake iandikwe kwenye robota pembeni ya daraja, na iwe na bei: aliyekausha hadi chini ya kiwango alipwe zaidi kwa kilo, na fungu la nyuzi fupi zilizookolewa mferejini liwe na jina lake na mnunuzi wake. Siku robota la kwanza litakapotoka Korogwe likiwa na namba hiyo, mtengeneza madawati atajua anachokinunua bila kukisia, na mwanamke aliyesimama juani akigeuza singa kwenye waya atakuwa analipwa kwa kuigeuza.